Kinu cha Kwenda Binongko

Mabegi matatu yalikuwa yamekwisha kupimwa kwa mizani ya ndoano waliyoazima kwa muuza kuku, na hakuna lililozidi kilo saba, mgeni alipoingia na pikipiki yake mpaka ndani ya ua. Alizima injini, na kabla hata ya kuvua helmeti akauliza, "Samahani. Yupi kati yenu ni yule dada anayekwenda mashariki?"

Wening alisimama. Hakumjua mtu huyu. Alikuwa wa makamo, amevaa shati la batiki lililopigwa pasi kama mtu aendaye harusini, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha mgongoni, kile ambacho kina mama wa Java hubebea watoto.

"Ni mimi, kaka. Karibu."

Mgeni akavua helmeti, akavua na ndala zake chini ya kizingiti, akaketi ukingoni mwa mkeka. "Mama muuza uji wa choroko pale kona ameniambia kuna dada anapanda meli ya visiwa vya Banda. Nikasema, huyo lazima apite bandari ya Bau-Bau."

"Mama wa uji anajua mambo yote ya mtaa huu," alisema Tiur kutoka dirishani. "Nikikohoa usiku, asubuhi ananiwekea tangawizi bila kuniuliza."

Tiur alikuwa Mbatak kutoka Medan, na kwao mtu husema anachokiona. Damar, rafiki wa tatu, alikuwa mtu wa mipango. Ndiye aliyepanga safari nzima, treni ya bei ya chini mpaka Surabaya, meli daraja la chini kabisa, tambi za kumwagia maji ya moto, kulala misikitini na kwenye nyumba za jamaa za marafiki. Ili begi lake lisizidi kipimo alikuwa ameukata nusu mpini wa mswaki.

Mgeni alijitaja kuwa Giyarto, wa vijiji vya chini ya mlima Merapi, kisha akafungua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na kinu cha jiwe jeusi, kile kipana kama sinia dogo, na mchi wake uliopinda kama ndizi.

"Ni cha mama yetu," alisema. "Alifariki mvua zilipoanza. Kabla hajafumba macho alisema, kinu ni cha Warsini. Huyo ni dada yangu. Tangu aolewe mama hakuwahi kulitaja jina lake. Aliolewa na mtu wa visiwani aliyekuja kuuza mapanga sokoni kwetu. Mama akamwambia, ukitoka mlango huu usirudi. Naye, kwa utii wake, hakurudi."

"Mpigie simu aje kukichukua," alisema Tiur.

"Nambari yake imekufa siku nyingi. Nina anwani tu. Bau-Bau, nyuma ya soko."

"Si ungekipeleka mwenyewe?"

"Tiur!" Wening alimfinya.

"Mwache, dada, ameuliza vizuri. Mke wangu anakaribia kujifungua." Giyarto akakigeuza kinu kuelekea mwanga. "Na pale nyumbani hakuna wa kukitumia. Tazameni hapa. Kimeliwa upande mmoja. Mama alikuwa wa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto hauli, hautoi, haupokei, mnajua wenyewe. Lakini mbele ya kinu hakuna aliyethubutu kumsema mama. Warsini alimrithi. Mke wangu akisagia humu pilipili zinamrukia machoni."

Damar alikuwa akimkonyeza Wening kwa macho yote mawili. Wening aliona. Aliliona pia lile shati lililopigwa pasi kwa ajili ya kuja kuomba, na zile ndala zilizopangwa sambamba chini ya kizingiti. Hakulelewa kumwambia mtu mzima aliyevua viatu mlangoni pake kwamba haiwezekani.

"Nitampa, kaka. Mkononi mwake mwenyewe."

"Mkononi mwake," alirudia Giyarto, kama anayefunga fundo. "Na ukishampa, niambie jambo moja tu. Kama bado anasagia kwa kushoto."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Nikijua hilo, nitajua bado ni yule yule."

Pikipiki ilipokwisha kupotea mtaani, Damar alikitundika kinu kwenye mizani ya muuza kuku. Ndoano ikanyooka. Kinu kikaanguka kwenye majani, pu!

"Nimekata mswaki, Wening," alisema kwa uchungu. "Mswaki!"

"Hapana ni neno fupi," alisema Tiur. "Kwetu mtoto analijua kabla hajaota meno. Haya, lete huo mchi niubebe mimi. Jiwe nakuachia wewe mwenye mdomo wa asali."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyesema hivyo hakuwahi kubebeshwa jiwe la Merapi. Toka Yogyakarta hadi Surabaya Wening alikiweka kinu mapajani, kwa sababu rafu ya treni ilikuwa juu mno. Bandarini mikanda ya begi ilimchora mistari miwili myekundu mabegani. Melini, kwenye sitaha ya chini ambako watu hutandika mikeka hadi chini ya ngazi, alikifanya mto. Usingizi ulikuwa mgumu, lakini hakuna aliyeuiba mto wake.

Siku za melini zilipita kwa foleni. Foleni ya sinia za wali na mkia wa samaki, foleni ya maji ya moto, foleni ya choo. Abiria wa jirani, mama mmoja wa Makassar aliyekuwa na maboksi kumi na mbuzi mmoja wa kuchekesha kuliko watu, alipokiona kinu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha alipoambiwa habari yake aliacha kucheka, akakigusa kwa vidole viwili, akawapa mayai ya chumvi wale.

Jioni Wening alikuwa akienda ubavuni mwa meli na kutazama mashariki. Huko ndiko kulikokuwa na Banda. Alikuwa amesoma historia chuo kikuu, na tasnifu yake yote ilihusu kungumanga, tunda la visiwa vile vidogo ambalo wafalme wa mbali waliliulia watu. Aliandika kurasa mia na kitu juu ya mti ambao hakuwahi kusimama chini yake. Siku ya kuitetea, mwalimu mmoja alimwuliza kwa wema tu, "Maua yake yananukiaje?" naye hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo alifundisha watoto wa watu hesabu jioni, akauza ndizi za kukaanga Jumapili, mpaka nauli ikatimia. Mwanzo wa mwezi alitakiwa kuanza kazi ya ualimu Semarang, na meli ya Banda hupita mara moja kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo safari ilikuwa hii. Nyingine, akiijaalia Mungu, ingekuja baada ya miaka.

"Ukifika chini ya huo mti utafanya nini?" Tiur alimwuliza.

"Nitanusa."

"Ukimaliza kunusa?"

"Nitanusa tena."

Damar alicheka. "Mimi nitampiga picha akinusa."

Meli ilitia nanga Bau-Bau asubuhi, ya kukaa hadi saa sita mchana. Walishuka wote watatu, wakachukua bodaboda hadi nyuma ya soko. Wening alikuwa amevaa blauzi yake safi, ile aliyoiwekea Banda. Nyumba waliipata bila shida. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli lenye kutu, na barazani palikuwa na mama muuza mihogo amejiwekea biashara yake.

"Warsini? Yule Mjava mpole?" alisema huyo mama. "Wamehama, mwanangu. Mume amerudi kwao Binongko kufua vyuma. Baba mkwe alipougua, kiwanda kingelala."

"Binongko ni mbali, mama?"

"Ni kisiwa cha mwisho. Leo mchana mashua inaondoka, mtafika kesho asubuhi, bahari ikitaka. Kurudi, mtangoja tena mashua."

Damar alitazama saa yake.

"Kiacheni hapa," mama aliendelea. "Mpwa wangu huenda kule mara mojamoja. Akikumbuka, atakipeleka."

"Akikumbuka," alisema Tiur.

"Ndiyo, kichwa chake si kizuri sana. Siwezi kuwadanganya."

Wening alijitenga kidogo, akampigia Giyarto. Alimweleza yote. Upande wa pili ilisikika sauti ya jogoo, kisha sauti ya Giyarto mwenyewe.

"Basi, dada. Kiache hapo. Si kitu."

"Kaka, mpwa wake huyu mama..."

"Si kitu. Mmehangaika vya kutosha. Mimi ndiye wa kuomba radhi. Na hiyo Binongko, ni mbali sana?"

"Usiku mmoja kwa mashua."

"Aha. Usiku mmoja. Basi si kitu, dada. Si kitu kabisa. Endeleeni na safari yenu, Mungu awalinde."

Simu ikakatika. Wening alibaki ameishika sikioni. Mtu wa kwingine angesikia ruhusa katika maneno yale na kushukuru. Lakini yeye alikuwa amezaliwa na kukulia kwa watu hao hao, Wajava. Baba yake alisema si kitu siku aliyouza pikipiki kumlipia ada. Bibi yake alisema si kitu wakati mguu wake ulipokuwa umekwisha kuvimba mpaka gotini. Kwao neno hilo, likisemwa mara moja, huwa ni adabu. Likisemwa mara tatu, mtu analia.

"Amesemaje?" aliuliza Damar.

"Amesema si kitu."

Damar, naye mwana wa Java, alifumba macho. "Mara ngapi?"

"Tatu."

"Sikilizeni," alisema Tiur, "ninyi watu mtakuja kufa kwa adabu. Mtu amekwambia kiache. Kwetu akikwambia kiache, unakiacha."

"Najua."

"Amekufungua mwenyewe, kwa kinywa chake! Hudaiwi tena."

"Najua, Tiur. Yeye amenifungua. Mimi bado nimejifunga." Wening alikaza mikanda ya begi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Nilisema mkononi mwake. Sikusema mkononi mwa mpwa wa mama wa mihogo. Nitakwenda Binongko. Ninyi nendeni Banda."

"Na kungumanga yako?" aliuliza Damar taratibu.

Hapo sasa sauti ilitetemeka kidogo. "Haijaondoka pale miaka yote hii. Itaningoja."

Walirudi bandarini kuchukua vitu vilivyobaki. Honi ya kwanza ya meli ililia. Damar alitoa kwenye begi lake zile pakiti za tambi, akamgawia Wening nyingi kuliko fungu lake, akampa na tochi, akampa na dawa ya kichefuchefu. Alikuwa kama mama anayempeleka mtoto shule ya bweni.

"Nitasimama badala yako pale chini ya mti," alisema. "Nitanusa mpaka kichwa kiume, nikuletee habari yote. Na kungumanga yenyewe, yenye ganda."

"Usije ukaiweka pamoja na soksi zako," alisema Wening, akacheka ili asilie.

Honi ya pili. Tiur alikuwa amekwisha kupanda ngazi ya meli, begi mgongoni, uso kauelekeza baharini. Wening alimwita kutoka chini. "Tiur! Mchi! Umebaki na mchi wangu!"

Tiur aligeuka, akalishusha begi, akaingiza mkono mpaka kwapani. Abiria waliokuwa nyuma yake walianza kunung'unika. Akautoa mchi, akautazama. Akamtazama Wening kule chini, amesimama peke yake na jiwe mgongoni. Akaguna kwa Kibatak, guno refu ambalo halihitaji mkalimani.

"Nipisheni!" aliwafokea abiria. "Nipisheni, nashuka! Kinu bila mchi ni jiwe la kufulia tu!"

Akashuka akiwapiga vikumbo wanaopanda, mchi mkononi kama rungu la mlinzi, na watu wakampisha.

"Tikiti yako itapotea," Wening alimwambia alipofika.

"Nyamaza. Nina hasira. Nikikusikia unasema si kitu, nakutwanga na huu huu."

Mashua ya Binongko ilikuwa ya mbao, imejaa mifuko ya saruji, vyandarua na kuku. Bahari haikutaka sana. Tiur alitapika hata alichokula Surabaya, na kila alipoinua kichwa alisema, "Hapana. Neno fupi." Wening alimshika nywele, akimsugua mgongo, kinu amekibana kati ya miguu kisije kikaviringika kikavunja mguu wa mtu.

Asubuhi walikisikia kisiwa kabla ya kukiona vizuri. Nyundo zilikuwa zikilia kwenye vyuma. Walipopanda njia ya kutoka gatini kila nyumba ya tatu ilikuwa na moto na mivukuto, na chini ya miguu yao palikuwa na mawe meupe matupu ya matumbawe, yenye vitundu vitundu kama mkate.

Mwanamke waliyeelekezwa kwake alikuwa nyuma ya kiwanda, anapanga mapanga mapya juani. Alikuwa mwembamba, amepakwa masizi hadi viwikoni. Aliwasalimu kwa lugha ya kisiwani. Wening akamjibu kwa Kijava, kile cha heshima, kinachotumiwa mbele ya wakubwa.

Panga likamponyoka mwanamke likaanguka kwenye mawe, nge!

"Nani amekufa?" aliuliza.

Wening alipiga magoti pale pale kwenye matumbawe, akafungua begi, akafungua kitambaa. Hakuhitaji kulijibu swali. Warsini alikiona kinu, akaketi chini mbele yake. Hakulia. Alikigusa upande ulioliwa, akapitisha kidole gumba katika kile kibonde, akarudi, akapitisha tena.

"Alikituma nani kwangu?" aliuliza mwishowe. "Giyarto?"

"Kaka Giyarto ndiye aliyekibeba mpaka kwangu. Lakini mama ndiye aliyesema. Alisema, kinu ni cha Warsini."

"Alisema hivyo? Alilitaja jina?"

"Alilitaja."

Warsini alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akajipangusa masizi kwenye kanga, akayaeneza usoni badala ya kuyaondoa, akawatazama wale wasichana wawili kwa mara ya kwanza: mmoja mabega mekundu, mwingine uso wa kijani.

"Na ninyi mlikuwa mnapita kwenda wapi, mpaka mkafika huku? Huku hakupitiwi."

Wening alisita. "Tumekuja huku tu, dada."

Tiur alifungua kinywa, akakifumba. Ilikuwa mara ya kwanza Wening kumwona akifanya hivyo.

Waliketishwa jikoni. Mihogo iliyopondwa ilikuwa ikipikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha majani kilichochongoka kama pia, na samaki watatu walikuwa kwenye mkaa. Pembeni mwa meko palikuwa na bapa la tumbawe lenye madoa ya pilipili.

"Hapa hakuna jiwe jeusi," alisema Warsini, akilisukuma mbali kwa mguu. "Hili linajisaga lenyewe. Miaka yote hii tunakula mchanga. Mume wangu anasema meno yake yamekuwa msasa."

Akaosha kinu kwa maji ya mvua tu, bila sabuni. Akatia pilipili, vitunguu vidogo, chumvi, kipande cha uduvi mkavu alichokichoma kidogo motoni. Akanyoosha mkono.

Tiur alimpa mchi.

Warsini aliupokea kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka, akainamisha kichwa kushukuru. Kwa kitambo mchi ulibaki pale, katika mkono wa kulia, juu ya kinu. Kisha Warsini akauhamisha. Akauegemeza upande ulioliwa, akajikunja begani namna ambayo bila shaka mtu mwingine alikuwa akijikunja kabla yake, na jiwe likaanza kuimba juu ya jiwe. Hakuna pilipili hata moja iliyoruka. Ni hapo sasa ndipo machozi yalipomtoka, yakidondokea humo humo, naye hakuacha kusaga.

"Chumvi itazidi," alisema Tiur kwa sauti ya kukwaruza.

"Utaila hivyo hivyo," Warsini alimjibu, na wote watatu wakacheka.

Waliila hivyo hivyo. Tiur, ambaye tumbo lake lilikuwa tupu tangu Bau-Bau, alikula samaki mzima na kuomba mwingine. Warsini akamsimulia habari za mashua ya kurudi, ambayo isingekuwapo kwa siku kadhaa, akawatandikia mkeka bila kuwauliza.

Simu haikushika mtandao pale chini. Siku ya tatu mtoto wa jirani aliwaonyesha kilima chenye mnara, na Wening akapanda peke yake, jua kali, miguu ikiteleza kwenye mawe meupe. Mgongo wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mara mbili alijikuta ameinama mbele kusawazisha mzigo ambao haupo.

Juu, simu ilitetemeka mkononi kabla hajaigusa. Zilikuwa picha, kutoka kwa Damar, nyingi, na chini yake ujumbe wa sauti. Aliona tu kwenye kioo kidogo rangi ya kijani, na kitu kama tunda lililopasuka lenye wekundu ndani. Kidole kilisimama juu yake. Alitazama upande wa mashariki, ambako bahari ilikwenda mpaka ikawa mbingu.

Akaziacha picha bila kuzifungua. Akatafuta nambari nyingine. Ilipokelewa kwenye mlio wa kwanza, kama mtu aliyekuwa ameishika simu siku zote hizo.

"Dada?"

"Kaka Giyarto," alisema Wening, akihema. "Kwa kushoto. Bado anasagia kwa kushoto."